VAT, tozo ya miamala, mafuta au kodi ya majengo: serikali ikitaka fedha zaidi, ianzie wapi?

Kila Juni hotuba ya bajeti husomwa Dodoma, na kila Juni swali la vijiweni huwa moja: wamepandisha nini? Ni swali la haki, ila halimsaidii sana mtu anayetaka kutoa maoni yenye uzito. Serikali yenye bajeti ya shilingi trilioni 56.49, kama ile ya mwaka 2025/26, lazima ipate fedha mahali. Ukisema "msipandishe chochote" umekwisha kuchagua kitu kingine, na nitafika huko. Kwanza tuchukulie kwamba makusanyo lazima yaongezeke. Yaongezwe wapi?

Nimeacha kando kodi za mishahara na za makampuni. Nalinganisha njia nne ambazo karibu kila Mtanzania amezionja tangu 2021: VAT (kodi ya ongezeko la thamani), tozo ya miamala ya simu, tozo ya mafuta, na kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Vipimo vyangu ni vitatu. Nani anabeba mzigo mwishoni, maana mara nyingi si yule anayepeleka fedha TRA, mamlaka ya mapato. Kukusanya kunagharimu kiasi gani, kwa fedha na kwa usumbufu. Na cha tatu, ambacho bungeni husikika kidogo kuliko vyote: watu watabadilisha nini katika maisha yao ili waikwepe?

Tozo ya miamala

Naanza na iliyoumiza zaidi. Ilianza kukatwa tarehe 15 Julai 2021, baada ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo kurekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Kila muamala ulikatwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi. Ukituma unakatwa. Uliyemtumia akienda kwa wakala kutoa, naye anakatwa. Juu ya hapo kuna ada ya kampuni ya simu, ambayo ndani yake tayari mlikuwa na VAT na ushuru wa bidhaa. Mwalimu aliyekwisha kukatwa kodi ya mapato (PAYE) kwenye mshahara alikatwa tena kwa sababu tu mama yake anaishi Singida na yeye anafanya kazi Dar.

Hoja ya serikali haikuwa ya kijinga. Watu wengi wa sekta isiyo rasmi hawamo kwenye kodi ya mapato, na simu inawafikia wote: mkulima, machinga, mama lishe. Kidogo kidogo kwa kila mmoja, kisha vituo vya afya na madarasa vijengwe. Ukikusanya kupitia kampuni chache za simu, gharama ni ndogo mno. Hakuna ofisa wa kodi anayehitaji kugonga mlango wa mtu.

Tatizo liko kwenye kile kinachotozwa. Muamala si kipato. Shilingi ile ile inatoka kwa mteja kwenda kwa fundi, kwa fundi kwenda kwa muuza mbao, kwa muuza mbao kwenda kwa dereva wa lori, na kila ikisogea inamegwa. VAT ina utaratibu wa kurudisha kodi iliyolipwa hatua ya nyuma. Tozo haikuwa nao. Aliyekuwa na mzunguko mkubwa na faida nyembamba ndiye aliyeumia kuliko mwenye fedha nyingi zilizolala. Na kwa kuwa kiwango kilikuwa na ukomo, mwenye kutuma kiasi kikubwa alilipa sehemu ndogo zaidi ya fedha zake kuliko mwenye kutuma kidogo.

Kisha watu wakafanya kilichotarajiwa: wakarudi kwenye noti. Bahasha zikapewa makondakta wa mabasi, malipo ya dukani yakarudi mkononi, mawakala wakakosa kamisheni. Serikali iliyotumia miaka mingi kuhimiza malipo ya kidijitali, tena kwa sababu yanaacha alama ambayo TRA inaweza kuifuata, ikawa inawatoza watu kwa kuacha alama hiyo. Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Bajeti ya 2022/23 ikashusha ukomo hadi 4,000 lakini ikaipeleka pia kwenye miamala ya benki, kelele zikaanza upya, na kuanzia Oktoba 2022 ikapunguzwa tena. Julai 2023 tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa.

Wenzetu walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo. Uganda ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1 ya kuweka, kutuma na kutoa. Kabla ya mwaka kwisha ikabaki nusu asilimia ya kutoa peke yake. Ghana ilianza Mei 2022 na asilimia 1.5, ikashuka hadi asilimia 1 mwezi Januari 2023, na mwaka 2025 ikafutwa kabisa. Nchi tatu, mwelekeo mmoja. Anayependekeza njia hii tena inabidi aeleze nini kimebadilika.

Tozo ya mafuta

Hii haina kelele nyingi, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Mafuta yanaingia nchini kupitia bandari tatu, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, chini ya mfumo wa uagizaji wa pamoja. Tozo hukusanywa huko juu kabla lita moja haijafika kituoni. Kwa gharama za ukusanyaji, ni kodi chache zinazoikaribia. Kuikwepa ni kugumu, ingawa ongezeko la bajaji na magari ya gesi Dar linaonyesha kwamba haitabaki kuwa ngumu milele.

Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Mwaka 2023, bajeti ile ile iliyofuta tozo ya kutuma fedha, ikaongezwa 100 nyingine kwa petroli na dizeli. Katikati ya hapo, mwaka 2022 bei ya dunia ilipopaa, serikali ikaanza Juni kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kushusha bei kituoni. Kwa hiyo mkono mmoja ulikuwa unakusanya kwenye lita na mwingine unarudisha kwenye lita hiyo hiyo. Sisemi ruzuku ilikuwa kosa, nauli zingeruka. Nasema kodi ya mafuta ina tabia hiyo: bei ya dunia ikipanda, serikali inalazimika kuiachia sehemu ya mapato yake wakati ambapo nayo inahitaji fedha zaidi.

Piga hesabu ya bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Nyongeza moja tu ya shilingi 100 ni 7,800 kwa mwezi. Iweke namba hiyo kando, tutairudia kwenye kodi ya majengo.

Bila shaka sehemu ya hiyo 7,800 anaibeba abiria. Nauli ya bodaboda hupatanwa barabarani, kwa hiyo dereva anaweza kujaribu kuipandisha. Dereva wa daladala hana uhuru huo, kwa kuwa nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Bei ya mafuta inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, nauli inakaa pale pale kwa muda mrefu, na tofauti inatoka kwenye hesabu ya siku ya dereva na konda. Nyanya za Iringa nazo zinakuja sokoni na dizeli ndani yake, hata kama mnunuzi hana gari wala hapandi basi.

Mafuta ya taa yana hadithi yake. Mwaka 2011 ushuru wake ulipandishwa ili bei yake ikaribie ya dizeli, kwa lengo la kukomesha uchakachuaji: watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa ya bei ndogo kwenye dizeli. Lengo lilikuwa halali kabisa. Ila aliyelipia ni yule aliyewasha kibatari, ambaye hakuwahi kumiliki lori.

Kodi ya majengo kwenye LUKU

Ukizitazama hizi nne kwa macho ya wachumi, kodi ya nyumba na ardhi ndiyo huwa ya kwanza kusifiwa. Nyumba haikimbii. Haiwezi kuhamishiwa Dubai wala kufichwa chini ya godoro. Ikitozwa vizuri hainyimi mtu hamu ya kufanya kazi au kuuza zaidi, na mara nyingi thamani yake imepanda kwa sababu ya barabara na maji vilivyoletwa kwa fedha za umma.

Kisha tazama tulivyoifanya. Mwaka 2016 ukusanyaji ulitolewa halmashauri ukapelekwa TRA. Mwaka 2018 vikaja viwango bapa, 10,000 kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila ghorofa mijini, kwa sababu kuthamini nyumba moja moja kulishindikana. Mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa ghorofa. Tangu Julai 2023 viwango ni 1,500 na 7,500, sawa na 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Sasa irudishe ile namba ya bodaboda. Kwa nyongeza moja ya tozo ya mafuta analipa 7,800 kwa mwezi, zaidi ya mara tano ya kodi nzima ya mwenye nyumba ya chini. Na nyumba hiyo ya chini inaweza kuwa chumba na sebule Mbagala au jumba la vyumba vitano ndani ya kiwanja kikubwa Masaki. Wote 18,000. Nyumba ya zamani ya ghorofa kule Kariakoo inalipa zaidi ya jumba hilo la Masaki.

Anayelipa pia si lazima awe mmiliki. Sheria inamtaja mwenye nyumba, lakini LUKU inamkata anayenunua umeme, na mijini huyo mara nyingi ni mpangaji. Maelekezo yalikuwa kwamba mpangaji aelewane na mwenye nyumba wafidiane kwenye pango. Jaribu kumwambia mwenye nyumba wa Tandale akupunguzie 1,500 kwenye pango la mwezi uone kama mazungumzo yatachukua dakika mbili. Nyumba yenye mita kadhaa ikazua malalamiko ya kukatwa mara kadhaa, na nyumba isiyo na umeme ikapitwa kabisa.

Kwa hiyo LUKU iliipa kodi hii kitu kimoja kizuri, yaani makusanyo ya uhakika kwa gharama karibu na sifuri, ikainyang'anya kilichoifanya iwe ya haki. Bado naiona kuwa njia bora kati ya nne, kwa sharti moja: kiwango kifuate thamani, hata kwa makundi ya jumla. Hatuhitaji mthamini aingie kila sebule. Mtaa, ukubwa wa kiwanja na aina ya jengo vinatosha kugawa nyumba katika madaraja matano au sita. Manispaa za Dar es Salaam zinajua kabisa Oysterbay iko wapi na Tandika iko wapi.

VAT

Hapa nitapita haraka kidogo, kwa sababu VAT tumeizoea. Ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Kenya wanatoza 16, Uganda na Rwanda 18, Zanzibar 15. Faida yake kubwa ni kwamba haijirundiki: mfanyabiashara aliyesajiliwa anakata kodi aliyolipa kwenye manunuzi kutoka ile aliyokusanya kwenye mauzo. Kila mmoja anahitaji risiti ya mwenzake, angalau kwa nadharia.

Kwa vitendo mnunuzi wa mwisho haihitaji, na hapo mnyororo unakatika. "Na risiti au bila risiti?" ni swali linalojulikana nchi nzima, na kila mtu anajua kwamba majibu yana bei mbili. Mashine za kutolea risiti, EFD, zipo tangu 2010 na swali bado lipo. Wafanyabiashara nao wana yao: marejesho yanayochelewa, ukaguzi unaogeuka mnada. Kariakoo ilifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024, na kodi ilikuwa katikati ya malalamiko mara zote mbili. Bunge lilipandisha kiwango cha mauzo cha kulazimika kusajiliwa VAT kutoka milioni 100 hadi 200 mwaka 2023, hatua ambayo naiona nzuri. Duka dogo lenye daftari moja halina uwezo wa kuwa tawi la TRA.

Wengi hudhani dawa ya ukali wa VAT ni kusamehe bidhaa za wanyonge. Kwa vyakula visivyosindikwa msamaha unafanya kazi. Lakini kumbuka taulo za kike. Zilisamehewa VAT katika bajeti ya 2018/19, na mwaka uliofuata msamaha ukafutwa kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Kodi iliondoka, bei ikabaki, tofauti ikaishia njiani kati ya mwagizaji na muuzaji. Wanaharakati walipinga kufutwa kwake, na walikuwa na hoja, maana mwaka mmoja ni mfupi mno kuupima msamaha. Lakini anayedai msamaha wa bidhaa fulani aulize pia nani atahakikisha bei inashuka, kwa sababu serikali yetu haipangi bei za madukani.

VAT pia hupanda juu ya kodi nyingine. Mwaka 2023 saruji iliwekewa ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. VAT inakokotolewa juu yake, hivyo inakuwa 1,180. Anayejenga kwa mifuko 200 analipa 236,000 za ziada kabla hajahamia. Hiyo ni sawa na miaka 13 ya kodi ya majengo ya nyumba hiyo hiyo akishahamia. Tunamtoza anayejenga kuliko tunavyomtoza aliyekwisha kujenga, jambo la ajabu kwa nchi yenye uhaba wa nyumba.

Fedha iwe na jina au iende Hazina?

Upande wa matumizi, uchaguzi mkubwa ni kama fedha ifungwe kwenye kazi maalumu au iingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wananchi hupenda fedha yenye jina, kwa kuwa wanaweza kuuliza: barabara yetu iko wapi? Mfuko wa Barabara ndio mfano wetu mzuri. Tozo inatoka kwa watumiaji wa barabara na mgao kati ya barabara kuu na za halmashauri ulijulikana tangu mwanzo, 70 kwa 30.

Lakini jina linadanganya pale ambapo anayelipa hahusiani na kinachonunuliwa. Tozo ya miamala ilitangazwa kwa picha za vituo vya afya. Hakuna kilichozuia Hazina kupunguza kwa mlango mwingine fedha ambazo ingepeleka kwenye afya hata bila tozo. Linganisha na mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wa mwaka huo huo wa 2021, trilioni 1.3 zilizojulikana kama fedha za UVIKO. Madarasa 15,000 yalijengwa kwa fedha hizo, na watu waliweza kuyahesabu kwa sababu orodha ya shule ilitoka mapema. Kilichosaidia ni orodha, kuliko jina la mfuko. Kenya walichukua njia ya jina kwa kodi ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Mahakama Kuu ikaikataa Novemba 2023, Bunge likapitisha sheria mpya Machi 2024, na mfanyakazi mwenye nyumba yake kijijini bado anauliza inamhusu vipi.

Na yule aliyesema "msipandishe chochote"? Kenya ilimjibu. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi kupinga Muswada wa Fedha, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuusaini. Julai akaeleza pengo litazibwaje: matumizi yakatwe shilingi bilioni 177 za Kenya, na bilioni 169 zikopwe. Kukopa ni kodi ya mbele, pamoja na riba. Kukata matumizi kunategemea unakata nini. Magari na safari za wakubwa ni jambo moja, mgao wa kaunti ni jingine. Desemba mwaka huo huo baadhi ya hatua za kodi zilirudi kupitia sheria nyingine.

Ningeulizwa na kamati ya bajeti, ningeanza na majengo, yakiwa na madaraja ya thamani na bili ikielekezwa kwa mmiliki. Halmashauri ibaki na sehemu kubwa ya makusanyo, ili mkazi wa Sinza ajue wa kumuuliza mtaro ukiziba. VAT ningeiacha kwenye 18 na kushughulikia marejesho kabla ya kufikiria kingine. Kodi ambayo mwaminifu anasubiri kurudishiwa fedha zake huku asiyetoa risiti akilala usingizi haihitaji kupandishwa. Mafuta ningeyaongeza kwa barabara tu, na kwa kiwango kinachoshuka chenyewe bei ya dunia ikivuka kikomo fulani, badala ya kusubiri ruzuku ya dharura. Tozo ya miamala ningeiacha ilipo, ikiendelea kupungua.

Wewe ukiwa dereva, huenda mafuta utayaweka mwisho kabisa. Ukiwa na nyumba tatu za kupangisha Kinondoni, najua utayaweka wapi majengo. Ndiyo maana ni vizuri mtu aseme kwanza analipa kodi ipi, ndipo aseme ipi ipandishwe. Nami niseme yangu: ni mpangaji, LUKU inanikata kila mwezi, na sijawahi kufidiwa.